Kitabu Kimenila Usingizi, Nikikisimulia Watu Wanapiga Miayo

Swali:

"Hujambo Mwalimu, na pole kwa kazi. Mimi ni muuguzi hapa Nakuru, naishi upande wa Lanet. Tuna kikundi cha kusoma vitabu, wanawake saba na mwanamume mmoja, tunakutana Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Majuzi nilisoma riwaya moja ya kifantasia, ya Kiingereza, kurasa mia sita na zaidi, nikaimaliza kwa siku nne. Niliunguza sufuria ya maharagwe. Nilishuka kwenye matatu nikasahau chenji ya shilingi mia nne. Lakini nilipowasimulia wenzangu walipiga miayo, na mmoja akaniuliza kama siku hizi nasoma hadithi za watoto. Kwa nini kitabu kilichonishika namna hii kinageuka majivu nikikisimulia? Nifanye nini ili wakitake, bila mimi kuwamwagia mtama wote? Tafadhali usikitaje jina, nataka wakisome." Msomaji, Nakuru.

Jibu:

Dada, sijambo, na pole na wewe kwa zamu za usiku na kwa sufuria.

Barua yako ilikuwa ndefu kuliko nilivyoiweka hapo juu. Kabla ya kuifupisha niliisoma na kalamu nyekundu mkononi, tabia ya mtu aliyehariri miswada ya wenzake miaka mingi, nikahesabu mistari. Kumi na mmoja ilikuwa ya nchi ya kitabuni: mito mitatu, miezi miwili angani, ukoo wa wafalme, vita vya kugombania chumvi, hata namna kalenda yao inavyohesabiwa. Msichana mwenyewe, mwenye hadithi, ulimpa mstari mmoja na nusu. Anavusha watu kwa mtumbwi, ana kipawa fulani, mama yake anaugua. Basi.

Kama hivyo ndivyo ulivyowasimulia kikundini, usiwalaumu kwa miayo. Uliwakaribisha wageni, ukawaonyesha mabati ni geji gani, ua limejengwa kwa nini, tanki linabeba lita ngapi, kisha ukawasindikiza hadi barabarani kabla hawajaonana na mwenye nyumba.

Sipendi kujibu kwa kukisia, kwa hiyo nilikitafuta kitabu chenyewe. Nilikipata wiki ya pili kwenye rundo la vitabu vya mitumba hapa Kisumu, kimelaliwa na vitabu vya marudio vya ule mtihani wa darasa la nane ambao tuliuzika mwaka 2023. Muuzaji aliniuzia bei ya karatasi. Siku iliyofuata nilipanda matatu kwenda Ahero kumwona dada yangu, na nilipoinua kichwa tulikuwa Awasi, Ahero tumeshaipita. Kwa hiyo mimi na wewe tuna ugonjwa mmoja, na ninachokuambia hapa sikusomea chuoni peke yake.

Kwa ajili ya wasomaji wengine, niseme kidogo tu kilichomo. Kipawa cha msichana ni hiki: kiganja chake kikigusa ngozi ya mtu, anajua uongo wa mwisho ambao mtu huyo aliusema. Uongo mwingine wote hauoni, ni wa mwisho tu. Abiria anapompa nauli vidole vinagusana, naye anajua kwamba huyu amemwambia mkewe anaenda sokoni kumbe haendi sokoni. Mwanzoni unacheka. Kisha unaanza kuona kwamba mikono yake huwa imefungwa vitambaa, na kwamba hajamgusa mama yake tangu alipokuwa na miaka tisa. Mama alimwambia baba alizama. Msichana hataki kujua kama ni kweli.

Kila jioni kabla ya kulala humwuliza mama yake, "Umekula?" Na mama, ambaye chakula kimemwishia kwenye sahani ya mtoto, hujibu, "Nimeshiba." Tunalisoma swali hilo mara kumi, mara kumi na tano, tukidhani ni mazoea ya mtoto anayempenda mzazi wake. Ni baada ya kurasa mia mbili ndipo tunapofumbuliwa macho. Anamtega mama yake aseme uongo mdogo, ili uongo huo mdogo uufunike ule mkubwa. Ikitokea wakagusana kwa bahati mbaya usiku, atakachokipata kiganjani ni habari ya chakula, baba atabaki mtoni alikozama.

Hapo ndipo nilipopitishwa Ahero.

Mama yangu alikuwa akisema ameshakula. Tulikuwa watoto sita, na sufuria ilikuwa moja. Sidhani kuna mtu aliyelelewa huku kwetu, kuanzia Busia hadi Nakuru kwenu, ambaye hakuwahi kuambiwa maneno hayo na mtu aliyekuwa na njaa. Mwandishi wa kitabu hiki ni mtu wa mbali, huenda hata Kenya hajafika, lakini ametumia uchawi usiowezekana kumulika kitu kilichokaa jikoni mwetu miaka yote, kitu ambacho tulikuwa tukikipita bila kukitazama. Kazi hiyo ndiyo iliyokushika. Miezi miwili angani ni pambo zuri, ila haikuunguza maharagwe ya mtu.

Kuna taharuki za aina mbili, na tofauti yake inaeleza mengi. Ya kwanza inauliza, nini kitatokea? Je, jeshi litavuka mto? Je, mfalme atauawa? Ya pili inauliza, huyu mtu ninayemjua atafanya nini? Taharuki ya kwanza ikishajibiwa imekwisha, kama mechi uliyoambiwa matokeo. Ndiyo maana ukiisimulia inakauka: msikilizaji anapokea jibu hata kabla hajapata muda wa kuwa na swali. Taharuki ya pili haiishi kwa kuambiwa, kwa sababu ili ikuume lazima kwanza umjue mtu, na kumjua mtu kunataka muda wa kukaa naye. Wewe ulikaa na huyu msichana siku nne. Wenzako ulikaa nao dakika tano, tena dakika nne zikaenda kwenye chumvi.

Nikupe mfano wa kwetu, maana naona watu wanasema fantasia ni kitu cha Wazungu, na mimi nililala nayo tangu utotoni.

Mimi ni mtoto wa Kano, huku karibu na Kisumu. Huku hakuna asiyejua habari ya Luanda Magere, yule shujaa ambaye mwili wake ulikuwa jiwe na mikuki ya Walang'o, maadui wa kwao, ilidunda juu yake kama mvua kwenye bati. Muulize mtoto yeyote kisa hicho, atakuambia: alikuwa wa jiwe, maadui wakampa binti yao amwoe, binti akagundua kwamba nguvu iko kivulini, kivuli kikachomwa mkuki, akafa, akawa jiwe. Vizuri. Hiyo ni ramani tena, kama mito na miezi yako. Ukiisimulia hivyo inachukua nusu dakika na hakuna atakayekosa usingizi.

Nyanya yangu hakuwahi kuisimulia kwa nusu dakika. Vita alivipita mbio, na hata ile siku ya mwisho hakuipa zaidi ya sentensi tatu. Mahali alipokaa ni kwenye ugonjwa. Magere anaumwa, yuko kitandani, mke wake mkubwa hayupo, na aliyebaki naye nyumbani ni huyu binti wa adui. Anataka kuchanjwa chale apakwe dawa. Binti analeta wembe, wembe haumkati. Anajaribu tena. Sasa hapo nyanya alikuwa akinyamaza. Magere ana njia mbili: avumilie maumivu mpaka mke mkubwa arudi, au amwambie huyu mgeni akichanje kivuli. Na nyanya alikuwa akitueleza maumivu yale, jinsi kichwa kilivyogonga, jinsi usiku ulivyokuwa mrefu, jinsi yule binti alivyomfuta jasho kwa mkono mwororo bila kulalamika, hadi sisi wenyewe, watoto tunaojua fika mwisho wa hadithi, tulikuwa tunamwomba kimoyomoyo mtu yule apone, kwa hiyo tunamtaka aseme, na papo hapo tunamsihi asiseme.

Wewe ni muuguzi. Unajua mgonjwa anachoweza kumwambia mtu anayemwuguza saa tisa za usiku. Mkuki ulikuja kumaliza tu; shujaa wa mawe alikuwa ameshindwa siku nyingi, kwa homa na kwa haja ya kuuguzwa. Kivuli kilipochanjwa damu ikatoka, na kwa namna nyanya alivyotia chumvi, yule binti aliuosha wembe, akaukausha, akaurudisha mahali pake kwa uangalifu, ndipo akatoka usiku kwenda kwao. Nilimwuliza, "Alilia njiani?" Nyanya akasema, "Lala."

Sikulala. Nina zaidi ya miaka hamsini na bado sijui kama yule mwanamke alilia. Jiwe watu huonyeshana hadi leo, na inasemekana wawindaji walikuwa wakinoa mikuki juu yake kabla ya kuingia porini. Lakini kilichonifuata mimi maisha yangu yote ni ule wembe uliooshwa.

Nyamgondho wa Gwassi ni vivyo hivyo, nisikae sana hapo. Mvuvi maskini anavua bibi kizee kutoka ziwani badala ya samaki, bibi anamletea utajiri wa ng'ombe, utajiri unamletea pombe, na usiku mmoja akiwa amelewa anamtukana yule bibi. Bibi anarudi ziwani, ng'ombe wote wanamfuata. Watu wanakumbuka msururu wa ng'ombe wakizama, na ni picha ya ajabu kweli. Msimulizi hodari, hata hivyo, huwa anakupa kwanza mtu anayegonga lango la boma lake mwenyewe usiku, amelewa, anadhani anadharauliwa.

Katika hadithi zote hizi ajabu ina bei, na anayelipa ni mtu mmoja, kwa jambo moja analolitaka mno. Magere anataka kupona. Msichana wa mtumbwi anataka kuendelea kumwamini mama yake. Fantasia ikikosa hayo inabaki maonyesho ya fataki. Nimepokea miswada ya namna hiyo mingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Mmoja ulianza na kurasa arobaini za historia ya falme saba kabla ya mtu yeyote kufungua kinywa. Nilimwomba mwandishi tuanze ukurasa wa arobaini na moja, mahali ambapo mtumwa wa jikoni anaiba limau. Alinuna miezi mitatu. Sikumlaumu, maana falme zile alizijenga kwa miaka, na limau aliliandika asubuhi moja bila kufikiri.

Wanafunzi wangu huniuliza tofauti ya mhusika bapa, wa sifa moja, na mhusika duara, mwenye sifa nyingi, kana kwamba ni mambo ya kukariri. Mwandishi Mwingereza E. M. Forster, aliyeleta mgawanyo huo mwaka 1927 alitoa kipimo rahisi: je, mhusika anaweza kukushangaza, nawe ukakubali kwamba ni yeye? Swali la "Umekula?" linakushangaza likifumbuliwa, na papo hapo unasema, kumbe, angefanya nini kingine mtoto huyu? Ukitaka kuona upande wa pili, chukua Kusadikika ya Shaaban Robert, iliyotoka mwaka 1951. Ni nchi iliyo angani, fantasia kamili ya Kiswahili, na mshtaki anaitwa Majivuno, mshtakiwa Karama. Jina limeshamhukumu mtu kabla hajasimama kizimbani. Naipenda kazi ile kwa ujasiri wake wa kusema na wakubwa kwa mafumbo, na lugha yake bado naifundisha. Lakini hakuna aliyewahi kupitishwa kituo kwa sababu ya Karama, na sidhani Shaaban alikusudia hivyo. Alitaka ufikiri umekaa wima.

Sasa yule mwenzako aliyeuliza kuhusu hadithi za watoto. Nadhani anachomaanisha ni kwamba mambo ya uongo hayamshiki mtu mzima. Mwaka 2000 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Melanie Green na Timothy Brock, walichapisha majaribio kuhusu hali hiyo hiyo ya kuzama hadithini. Wao waliiita kusafirishwa, jina zuri kwa mtu aliyepitishwa Ahero. Waliwapa watu hadithi wasome, wakapima nani amezama kiasi gani, kisha wakawaambia wazungushie duara kila mahali panaposikika pa uongo. Waliozama zaidi walizungushia sehemu chache. Na kuambiwa mapema kwamba hadithi ni tukio la kweli au ni ya kubuni hakukubadilisha kiasi cha kuzama. Kwa maneno mengine, akili ya mtu mzima ikishaingia ndani haisimami mlangoni kuuliza kitambulisho. Mwenzako huyo usimshinde kwa hoja, lakini. Mtu hapendi kitabu kwa kushindwa mjadala.

Kabla sijafika kwenye la kufanya, nikuonyeshe mambo mawili ambayo mwandishi wako alifanya kwa ufundi, kwa sababu ukiyajua utajua nini cha kubeba hadi kikundini.

La kwanza, hatoki nje ya kichwa cha msichana. Kurasa mia sita, hatujui hata mara moja mfalme anawaza nini. Vita tunavipata kama wavushaji wanavyovipata: abiria wamepungua, bei ya chumvi imepanda, maiti moja imekwama kwenye matete. Hiyo ndiyo sababu ukisema "kuna vita kati ya wafalme" unasema kitu ambacho kitabuni hakimo. Kitabuni kuna matete.

La pili ni vile vitambaa. Jaribu kurudi uvihesabu. Vinafuliwa, vinakauka kwenye mwamba, kimoja kinaibwa na mbuzi, mama anavishona upya bila kuuliza ni vya nini. Mwandishi hajaandika popote kwamba mama anajua. Lakini mtu anayeshona kitambaa cha mkono wa mwanawe miaka kumi bila kuuliza swali, kuna jambo anajua. Wewe msomaji ndiye uliyeliunganisha hilo mwenyewe, saa nane za usiku, na furaha ya kuliunganisha ikawa yako. Hapo pana sehemu kubwa ya sababu ya kusimulia kukushinda: unapojaribu kumpa mtu furaha hiyo unampa jibu, na hesabu hukumwachia aifanye.

Basi Jumamosi fanya hivi. Acha nchi yote nyumbani, mito na miezi na wafalme. Usiseme ni fantasia, watagundua wenyewe. Usiseme ni kitabu kizuri sana, wala usisimulie jinsi ulivyokesha. Ukisifu mno unampa mtu deni, na wenye deni hukwepa. Anza na msichana mwenye kiganja kile, kwa sentensi mbili. Sema kwamba hajamgusa mama yake tangu miaka tisa. Sema kila jioni anamwuliza kama amekula. Kisha nyamaza, unywe chai yako.

Usiseme kwa nini anauliza. Huo ndio mtama wa kutomwagika. Ugonjwa wa mama utaje wakikubana sana, lakini usiseme kwamba mgonjwa yule alihitaji kuogeshwa na kwamba hapakuwa na mtu mwingine wa kumwogesha. Loo, sasa mimi nimesema. Haidhuru, jina la kitabu sijalitaja, na wasomaji wangu wengine hawamjui msichana wako.

Wakikuuliza swali lolote, hata la kejeli, mradi linamhusu mtu na haliihusu nchi, umeshawapata. "Kwa nini asivae glavu tu?" ni swali la mtu aliyeingia mtumbwini. "Hiyo nchi iko wapi?" ni la mtu aliye bado ukingoni, mjibu kwa ufupi umrudishe kwa msichana.

Kuna jambo la lugha pia. Kitabu ni cha Kiingereza, nanyi, nadhani, mnaongea Kiswahili mkichanganya na vingine. Usisome aya za Kiingereza na kuzitafsiri papo hapo, utamu unamwagika njiani. Chagua ukurasa mmoja, ule wa mbuzi na kitambaa, kaa nao nyumbani jioni mbili, uusimulie kwa Kiswahili chako mwenyewe kana kwamba ulimwona mbuzi huyo Kaptembwo. Nilimfanyia mke wangu hivyo. Alikuwa anakuna nazi. Nilipofika mahali msichana anamfukuza mbuzi huku mikono ameificha kwapani, aliacha kukuna, akasema, "Kwani amewahi kumgusa nani akajutia?" Swali hilo halimo kitabuni kwa maneno, lakini ndilo linalokiendesha kitabu kizima. Mimi mhariri sikuwa nimelifikiria.

Kuhusu nakala moja kwa watu wanane: msigawane vipande, na usijaribu kumpa kila mtu wiki yake, mtamaliza mwakani. Ulizeni kwanza katika maktaba ya umma hapo mjini kwenu, wakati mwingine vitabu kama hivi vinakaa rafuni bila mtu. Msipokipata, someni sura tatu za mwanzo kwa sauti mkiwa pamoja, kwa zamu, na mkomee katikati ya sura ya nne, pale mvukaji mwenye kilemba anapokataa kutoa mkono wa nauli. Atakayekuandama hadi stendi akitaka kitabu, huyo mpe. Wengine watamsubiri yeye. Na mwanamume wenu mmoja, ambaye umeandika kwamba anapenda vitabu vya biashara pekee, mwacheni. Huenda asikipende kabisa. Nina rafiki wa miaka thelathini, msomaji mkubwa, ambaye Magere hamwambii kitu. Anasema mtu wa jiwe angekuwa mzito mno kutembea. Tunakula samaki pamoja kila Ijumaa.

Mwishoni mwa barua uliuliza, kwa maandishi madogo pembeni, kama uanze juzuu ya pili mara moja. Ngoja kidogo. Nimeitazama: inaanza miaka sita baadaye, na inasimuliwa na mtu mwingine ambaye hampendi msichana wako hata kidogo. Ukiingia sasa, ungali na huzuni ya kuagana naye, utamchukia msimulizi bila kumpa nafasi. Ipe mwezi. Katikati soma kitu kifupi na kikavu, hata gazeti, na upike maharagwe ukiwa umeweka saa ya simu.

Kwa upande wangu, juzi nilikuwa nyumbani Kano. Mama sasa ana miaka themanini na mbili na anakula kidogo kama ndege. Nilimwuliza kama amekula. Akasema ameshiba, na dada yangu aliyekuwa nyuma yake akatikisa kichwa. Nilimshika mkono tukaingia jikoni.